Niliwaomba Ruhusa Waume Zao

Mheshimiwa Mshauri,

Nakuomba radhi tangu mwanzo kwa kukuletea shida ya mzee, maana najua safu yako husomwa zaidi na vijana wenye mambo ya ndoa, nami ni mgane, karani mstaafu, niliyesomeshwa misheni kando ya Ziwa Nyasa, na sasa naishi Kunduchi na mkwe wangu Herieth, ambaye mumewe, mwanangu Jonas, amekwenda kuvua Mafia kwa sababu samaki wa huku wamepungua mno.

Herieth na wanawake wenzake hulima mwani. Zamani waliufunga kwenye kamba zilizoshikwa na vigingi, katika maji ya magotini, bahari ikipwa, lakini miaka hii maji hayo hupata joto hata mwani ukapauka na kukatika kabla ya kuvunwa, kwa hiyo wameanza kuzihamishia kamba kwenye kina, zielee kwa maboya, na huko mguu haufiki chini, na katika wote hao hakuna hata mmoja ajuaye kuogelea, kwa kuwa hapa mtoto wa kiume hujitupa majini apendavyo na mtoto wa kike huitwa nyumbani.

Wakanijia barazani kuniomba niwafundishe, Herieth akiwa amewaeleza kwamba nilikulia ziwani. Nilifurahi, sikufichi, tangu marehemu mke wangu Anastasia aondoke, sijahitajika kwa jambo lolote ila kulinda nyumba. Lakini nilivyolelewa, mwanamume hamshiki mkono mke wa mtu, hata kumvusha mfereji, pasipo kumtaarifu mumewe, hivyo nikavaa koti langu nikapita nyumba kwa nyumba kuwaomba waume zao ruhusa.

Hapo ndipo nilipoharibu. Wa kwanza, Alfonsi, mume wa Sekela, alikuwa akishona wavu, wala hakuacha kazi.

“Shikamoo mzee. Kuogelea? Si waogelee tu.”

Nikamwambia hapana, bwana, nahitaji ridhaa yako kamili. Akaweka wavu chini.

“Kumbe hii ishu inatakiwa ruhusa? Basi mzee, ngoja tukae kwanza.”

Wakakaa. Watu ambao hawakuwa na neno walikutana kijiweni wakapata neno, wakaniletea jibu, kwa heshima zote, kwamba haiwezekani wake zao wakafundishwe majini na mgane, na kwamba kama kwenye kina hakuendeki, basi mwani uachwe.

Wanawake walikuja tena, safari hii hawakuketi. Sekela alisema, “Babu, nani alikutuma? Sie tulitaka mwalimu, wewe umekwenda kuwa mshenga!” Wenzake wakacheka. Herieth hakucheka, na tangu siku hiyo huniamkia, huniandalia chai, kisha hunyamaza.

Wala hawakuacha kazi, Mshauri. Wanakwenda kwenye kina wakiwa wameshikilia madumu matupu. Juma lililopita dumu lilimponyoka Sekela, akazama, akaibuka, akazama tena, Herieth akamrushia kamba akamvuta hadi viganja vyake mwenyewe vikachanika. Sikuambiwa, niliviona alipokuwa akinimiminia chai. Na watarudi, kwa maana mwani umekomaa.

Nimechoka, nami naogopa. Je, nirudi kwa waume nikawasihi upya, au ninyamaze, au niwafundishe hivyo hivyo na kuwavunjia wanaume heshima? Angekuwapo Anastasia angeketi ufukweni na kanga yake, na hakuna ambaye angenishuku. Niwie radhi kwa urefu wa barua hii.

Wako mtiifu,
Anselmo, Kunduchi

*

Mzee wangu Anselmo,

Shikamoo. Baada ya shikamoo nitakugombeza, na ruhusa sikuombi, maana tumeona ruhusa inavyoponza watu.

Pole kwa kufiwa na mkeo. Heshima yako ni ya kweli na siidharau, ila uliipeleka kwa wasiohusika. Waliokuomba ni wanawake watu wazima, wenye watoto na kamba zao. Ulitakiwa kuwajibu wao. Alfonsi alikupa jibu zuri tangu mwanzo, “si waogelee tu,” nawe ukalikataa mpaka akatafuta baya. Na hao wanaosema mwani uachwe, nyavu zao zinarudi na nini siku hizi? Wanajua wenyewe.

Unaniuliza kama kuwafundisha ni kuwavunjia waume heshima. Nami nakuuliza: Sekela akizama, utavaa koti lile lile kwenda kumtaarifu Alfonsi?

Usirudi kwao kusihi. Nenda kwa Alfonsi mara moja tu, umpe taarifa ya siku, kisha umwombe mtumbwi usimame karibu wakati wa mafunzo, naye awemo. Anayehofia yatakayotokea majini aje ayaone. Na huo mwani uliokomaa, auvune yeye kwa mtumbwi huo huo. Akiupakia ndipo atajua mkewe hubeba nini. Wanawake wasikanyage kwenye kina mpaka wajue kuelea. Waambie hilo kwa sauti ya mwalimu, watakusikia.

Fundisha mchana, maji ya kifuani, watu wakiona. Huna haja ya kumshika mtu: onyesha wewe, wao washikane wawili wawili. Mtafute mama mzee mmoja wa jirani aketi ufukweni. Hatakuwa Anastasia, najua. Mwombe hivyo hivyo.

Lakini yote hayo yanaanzia nyumbani kwako, ambako mkwe wako amekunyamazia na unastahili kunyamaziwa. Leo akileta birika, mpokee, umimine wewe, mikono yake ina vidonda. Mwambie, “Mwanangu, nisamehe, niliuliza wasiohusika.” Kisha mwulize kesho maji yanajaa saa ngapi.

Akishakujibu, usiongeze radhi nyingine. Tafuta kaptula. Koti liache msumarini.