Breki Mkononi

Jumatatu, 3 Juni
Mchele wa kuuza umeingia kutoka Bukene. Nimepepeta tangu asubuhi, makapi hadi kwenye nywele. Mchana kaka Paulo akanisukuma kwenye baiskeli yangu ya magurudumu matatu mpaka kwa wakala wa bajaji. Nataka bajaji mpya, ya kuagiza: breki itoke mguuni ije mkononi, na pawe na mahali pa magongo. Miguu ilikwenda na polio nikiwa mtoto. Mikono ninayo. Wakala akamuuliza Paulo, "Mgonjwa anapenda rangi gani?"
Mgonjwa! Hasira mpaka sasa.

Alhamisi, 6 Juni
Breki peke yake wakala anataka laki saba juu ya bei. Nikamwambia punguza, mafundi wanafanya kwa chini ya nusu. Akacheka, akamgeukia Paulo. Wakajadiliana wanaume wawili, mimi katikati kama gunia. Paulo ana nia njema. Alinibeba mgongoni kwenda shule miaka yote. Leo kanichosha.

Jumamosi, 8 Juni
Paulo kaja anang'aa. Bei imeshuka! Nikamkumbatia. Kisha nikauliza breki.
Imeshuka kwa sababu breki inabaki mguuni. "Nitakuendesha mimi, mdogo wangu. Popote utakapo."
Nimelia chooni. Sokoni naomba kupelekwa. Kanisani naomba. Hospitali naomba. Sasa mchele wangu uninunulie chombo kingine cha kuomba? Nimemwambia hapana. Kaondoka bila kula.

Jumatatu, 10 Juni
Nimepanda bodaboda peke yangu, magongo mapajani, hadi kwa Bi Zuwena, anayeuza bajaji mjini. Shikamoo, marahaba, kisha vita. Alinitazama mimi machoni. Huruma hana hata chembe. Nikashusha, akapandisha.
"Mwanangu, utaniua njaa!"
"Na wewe mama utanitambaza!"
Tukacheka mpaka fundi wake akachungulia. Breki laki tatu na nusu. Malipo ya mwisho nikishaendesha mwenyewe na chombo kikasimama. Tukapeana mkono. Nilitaka laki tatu tu. Sijali. Nimebishana kama mteja yeyote.
Paulo hajaja wala kupiga simu.

Ijumaa, 28 Juni
Bajaji imefika. Ya kijani. Nikaijaribu uani kwa Bi Zuwena, fundi kando yangu. Nikabana breki, ikachelewa, ukuta ukanijia. Fundi akavuta usukani. Nikasema silipi. Nilitegemea kelele, Bi Zuwena akamwambia fundi tu, "Fungua yote, anza upya."
Geti likafunguka, Paulo. Sijui nani kamwambia. Akasimama pale, mikono mfukoni, muda wote fundi akikaza waya. Nikajaribu tena. Ikasimama. Tena. Ikasimama. Nikalipa. Paulo alikuwa anajifuta uso.

Jumapili, 14 Julai
Leseni ninayo. Baada ya ibada tumekwenda Isikizya kumwona shangazi. Mimi mbele, Paulo nyuma. Vumbi jingi. Mara moja tu alisema, "Punguza mwendo." Nikapunguza, alikuwa sahihi.
Shangazi akatuwekea chai na mihogo. Upepo mzuri. Mabega yananiuma.
Jua lilipoanza kushuka Paulo akaniuliza tunaondoka saa ngapi.
Nikimaliza chai, nikamwambia. Nikaomba kikombe kingine.