Muhuri wa Potasiamu

Jumatano, 11 Juni. Asubuhi ukungu na manyunyu.

Siku mbili nzima nilichonga muhuri wa potasiamu, elementi niliyopewa katika darasa la uchapaji wa picha, kwenye kipande cha mgomba, maana ndizi zina potasiamu nyingi. Kesho natakiwa kuwasilisha picha kumi. Nilikuwa nimechapa mbili tu.

Jioni sikukiona kile kipande.

"Mama, mgomba wangu uko wapi?"

"Moraa, si nimekatia ng'ombe! Si ni chakula yake?"

Akacheka. Ningecheka pia, kama nisingekuwa narudia somo hili. Nikifeli tena, chuo basi.

Mwalimu hataamini. Hata mimi nisingeamini.

Nimezitia zile mbili kwenye faili. Kurasa nane za picha zilizobaki nimeziacha tupu, kwa mpangilio.

Saa saba na robo usiku, nalala.