Fundi Makochi na Muziki wa Ofisi ya Maji

Shangazi mpendwa, naomba msaada, na ukinicheka nicheke kwa ndani.

Mimi ni fundi makochi, karakana yangu iko uani, na ni wewe mwenyewe uliyeandika hapa gazetini kwamba mtu asiyejielewa achague wimbo mmoja, aache kazi, afumbe macho, asikilize unamgusa wapi mwilini kisha aipe hisia hiyo jina, nami nikafanya, Mungu shahidi yangu, nikaanza na nyimbo za mapenzi nikahisi njaa tu, nikaweka za kucheza nikahisi goti, lile bovu, nikasema basi mimi ni gogo, mpaka siku maji yalipokatika nikapiga simu ofisi ya maji, wakaniweka kwenye foleni, ukaanza ule muziki wao wa kinanda unaozunguka pale pale kama inzi, mara unakatika na sauti ya dada mmoja inasema, "Simu yako ni muhimu kwetu, tafadhali endelea kusubiri," na mimi, Shangazi, mtu mzima na ndevu zangu, nikaangua kilio mpaka sponji la kochi la mteja likalowa.

Tangu hapo napiga kila siku. Najilaza kwenye kochi ambalo halijavishwa kitambaa, naweka sauti ya juu, nafumba macho kama ulivyofundisha, na mhudumu akipokea nakata, napiga upya. Juzi mmoja aliwahi kupokea hata muziki haujakolea, nikamwambia, "Dada, samahani, naomba unirudishe kwenye foleni." Akauliza, "Tatizo lako la maji ni nini?" Nikamwambia sina tatizo, maji yanatoka vizuri tu. Akasema, "Sasa unasubiri nini?" Nikamwomba anisubirishe hivyo hivyo, akaniambia nitafute daktari.

Sasa mama watoto, ambaye siku hizi tunaongea kwa kupitia watoto, "Mwambie baba yako chakula tayari," "Mwambie mama yako nimeshiba," alinikuta nimelala kifudifudi nalia huku sauti ya mwanamke inanibembeleza, akaninyang'anya simu, nikajua anaibamiza ukutani, kumbe akaketi kwenye ukingo wa kochi akasikiliza, akasikiliza, mpaka salio likaisha, kisha na yeye akalia, akafunga nguo zake akahamia kwa dada yake, akisema, "Huyo anayekuona muhimu na aje akufulie," na kwamba harudi mpaka nimweleze nahisi nini juu ya yule mwanamke, na hapo ndipo nilipokwama, maana nimejaribu furaha, huzuni, hasira, hofu, zote ulizoorodhesha, hakuna inayonienea. Shemeji ameapa Jumapili wanakuja na gari kuchukua kabati. Nipe jina la hisia hii, Shangazi, nisije nikapoteza mke kwa ajili ya kinanda.

Wako katika foleni,
Fundi Makochi

*

Fundi, pole. Nimekucheka kwa nje, tena kwa sauti.

Mimi niliandika wimbo. Ofisi ya maji ulitumwa na nani? Kuna watu wenye mabomba makavu wanahangaika kwenye foleni hiyo, na wewe umejilaza humo kama uko hotelini. Acha mara moja. Na lile sponji libadilishe, mteja hakuagiza machozi yako.

Hata hivyo, ili nisikuhukumu bure, nimeipiga hiyo namba. Kinanda ni kibovu, kaka yangu. Hakuna binadamu anayelia kwa kinanda kile. Wewe unalia dada anapofungua mdomo, pale anaposema neno "muhimu", ingawa ile ni mashine na inamwambia hivyo kila mtu mjini. Nyumbani kwako hata habari ya chakula inakufikia kwa mkono wa mtoto. Hisia hiyo inaitwa upweke. Sikuiorodhesha kwa sababu sikudhani mwenye mke na watoto angeihitaji.

Lakini usianze kujionea huruma, sijamaliza. Mwanamke mwenye wivu hukata simu, au humporomoshea matusi aliye upande wa pili. Mkeo alikaa akasikiliza mpaka salio likaisha. Alikuwa anasikiliza nini, unadhani? Umeniandikia barua ndefu, goti lako nimelijua, inzi wako nimemjua, ila sijaona mstari hata mmoja unaosema ulimuuliza mkeo kwa nini analia. Na yeye, mara ya mwisho kuambiwa neno kama lile ni lini, na aliambiwa na nani? Mlilala na ugonjwa mmoja chini ya bati moja, kila mtu na wa kwake, na mkaona aibu kuulizana.

Usingoje Jumapili. Oga, nenda leo. Simu iache nyumbani, na watoto pia, mmeshawatuma vya kutosha. Habari za kinanda usizitaje. Mwambie, "Nina upweke," kisha muulize, "Na wewe je?" halafu ufunge mdomo. Akigomba, mwache agombe. Akilia, usikimbilie kumnyamazisha. Na akiinuka kwenda kufunga nguo zake arudi nyumbani, usimsubiri mlangoni kama mgeni. Ingia ndani uzikunje naye.