Swali la Sita kwa Mama Mkwe

Jumatano, Novemba 1984

Mvua siku ya tatu leo. Watu wote wako mashambani, mimi nimekaa ndani na kalamu kama mwanafunzi aliyefeli mtihani. Kichwa kimevurugika, jamani. Labda nikiandika kitanyooka.

Jana mama mkwe wangu alimwita mwanawe kwa jina lake.

Asiyetujua atasema, kuna nini hapo? Kuna jambo. Mume wangu, Baba Milembe, jina lake ni Masanja. Amerithi jina la babu yake mzaa baba, yaani baba mkwe wa mama yake. Na kwetu mwanamke halitamki jina la baba mkwe, hata kama mzee mwenyewe ameshakufa, hata kama jina hilo kapewa mtoto aliyemzaa yeye. Kwa hiyo miaka arobaini na miwili mama amemwita "Baba". Kijiji kizima kinapiga kelele "Mama Masanja! Mama Masanja!" tangu kunapambazuka, lakini jina hilo halijawahi kupita kinywani mwake.

Sasa nije kwenye vidonge.

Mama alianza kusahau mwaka juzi. Alisahau chumvi, akasahau njia ya kisimani, mwisho akanisahau mimi. Asubuhi moja alinisalimia "Mwangaluka" kwa adabu zote kama mgeni anayepita, akanikaribisha kwenye nyumba ninayoifagia kila siku. Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya zizi nikalia.

Ndipo akaja Kulwa. Ni mfamasia, kijana wa hukuhuku aliyesoma Ulaya. Amepanga vyumba viwili nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga pale Kahama, na humo anasaga mizizi na kutengeneza vidonge kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Anasema kusahau kwa namna hii si uzee wala kulogwa. Ni ugonjwa, huko alikosoma wanauita Alzaima, na dawa ya kumeza ya kuuponya haijapatikana popote. Yeye anataka itoke Kahama. Haki ya Mungu, nilimpenda kwa maneno hayo. Mimi ni muuguzi msaidizi wa zahanati ya kijiji, basi akanikabidhi wazee saba, mama akiwa mmoja wao. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, na kila mwezi maswali kumi. Mzee akijibu naandika moja, akishindwa naandika sifuri.

Swali la sita linasema: Taja jina la baba mkwe wako.

Kulwa alikulia kwenye bweni la mapadri, mambo ya ukweni angeyajulia wapi? Mwezi wa kwanza wa dawa wanawake wote wanne walipata sifuri kwenye swali hilo. Mmoja aliinamisha kichwa, mwingine alinisonya kabisa. Mama alitazama pembeni, kama mtu aliyesikia tusi mbele ya wageni. Kulwa akaandika kwenye daftari lake kwamba wanawake huanza kusahau upande wa mume.

Nilijua amekosea, nikanyamaza. Msomi kama yule, mimi wa darasa la saba nitamwambia nini? Majuto ni mjukuu, na wangu ndiye huyu ninayembeleza leo.

Jana basi, Baba Milembe alirudi kutoka Nyarugusu anakochimba dhahabu. Mvua imejaza maji maduara, yale mashimo yao, hakuna anayethubutu kushuka chini. Amefika na matope hadi magotini. Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Akainua uso, akasema kwa sauti safi kabisa, "Masanja, umekonda. Huko walikuwa wanakulisha nini?"

Baba Milembe alisimama palepale kwenye mvua. Kisha akachuchumaa, mwanaume mzima mwenye ndevu, akafunika uso kwa kofia yake.

Leo asubuhi ulikuwa wakati wa maswali. Nilipofika la sita, nililisoma polepole. Mama akajibu, "Masanja," akaendelea na kazi yake. Hakuinama wala hakutazama pembeni. Mwezi wa kwanza alipata matatu, leo amepata manane. Kulwa akiona karatasi hii ataruka hadi darini. Ataipeleka Dar es Salaam akaombe kibali cha kuwapa watu wengine wengi.

Mimi nilishindwa kufurahi.

Maana hilo jina halikuwa limepotea! Alikuwa nalo siku zote, amelifungia. Je, dawa imemrudishia akili, au ugonjwa umemnyang'anya hata ile haya? Nikisema ni haya iliyopotea, mbona amemtambua mwanawe, akaona amekonda? Nikisema amepona, mbona mchana huu ameniuliza kama mume wake amesharudi kutoka mnadani? Baba mkwe wangu tulimzika kabla Milembe hajazaliwa.

Na vidonge vinamtapisha. Tangu mwezi uliopita hali kitu kikakaa tumboni. Bangili zake, ambazo zamani hazikuvuka kiganja bila sabuni, juzi zilimdondokea kwenye unga. Kulwa anasema nivumilie, mwili utazoea. Mwili upi? Umebaki mifupa.

Nilipomwambia Baba Milembe nataka kuviacha, aliikunja kofia yake mikononi. Kisha akasema, "Mama Milembe, usinifanyie hivyo. Kabla ya jana sikuwahi kuitwa jina langu na mama yangu."

Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Karatasi nimeijaza. Kwenye mstari wa sita sikuweka moja wala sifuri. Nimeandika kwa wino, asije mtu akafuta: "Amelitaja. Zamani alilijua na hakulitaja." Jumamosi Kulwa akija na pikipiki yake nitamkalisha chini, nimweleze niliyopaswa kumweleza mwezi wa kwanza. Anune, asinune, shauri yake.

Ila la vidonge siwezi kungoja Jumamosi. Cha leo jioni kiko mfukoni mwa gauni langu, na saa yake imeshafika.

Huko nje Baba Milembe anapita mbele ya mlango wa mama yake. Hana analolifuata huko. Hii ni mara ya tatu, na kila akifika mlangoni anakohoa kidogo.

Mama amemwita, kwa jina.

"Naam, mayu," ameitika, kwa sauti ya mtoto, sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu anioe. Nami nimekaa hapa, mkono mfukoni, nimekishika kidonge.