Mikanda ya Kiti cha Saida

Rehema shoga yangu,

Mwanao ameondoka leo asubuhi. Kaka yako Salumu alimpakia kwenye gari lake, gari likaingia melini kwenda Nyamisati, na huko watashika barabara mpaka Dar es Salaam. Ndiko atakakokaa, kwa mjomba wake. Wewe haya unayajua, maana ndiye uliyeyapanga. Mimi ndiye sikujua.

Jana tulikusomea hitima ya arobaini. Ubwabwa ulitosha, watu walijaa mpaka uani kwa jirani. Walipotawanyika nilikaa na mama yako tukisugua masufuria, nikamwambia nimeshakata kitambaa cha sare ya Saida, nimshonee aanze chekechea mwakani. Mama yako akaacha kusugua. Akasema, "Kwani Rehema hakukuambia?"

Hukuniambia. Ulimwambia mama, ulimwambia Salumu kwa simu, hata wifi yako Zuhura alijua, akamtandikia mtoto kitanda hukohuko Dar. Mimi niliyekugeuza ubavu na kukulisha uji kwa kijiko, niliyekuogesha ukiwa hai na nikawemo kati ya waliokuosha ulipokufa, nikawa mtu wa mwisho kuambiwa. Niliona aibu, Rehema. Nilisimama pale na sufuria mkononi kama niliyeingia nyumba ya watu bila hodi.

Halafu jina. Ulimzaa ukampa jina langu mimi, na siku ya akika ukaniweka mtoto mikononi ukasema mbele ya watu wote, "Huyu somo yako, ana mama wawili." Tangu ajue kusema ananiita Somo, nami namwita hivyo hivyo. Baba yake alipokuacha akaenda kuoa Kilwa, ni mimi niliyehamia kwako kulala. Mimi sikujaaliwa mtoto. Ulilijua hilo kuliko mtu yeyote hapa Kilindoni, kwa hiyo usiseme ulipitiwa.

Mama yako anasema uliwakataza wasiniambie kwa kuwa ningelia, na wewe hukuwa na nguvu za kunibembeleza. Nani alikwambia siwezi kulia huku nakusikiliza? Anasema pia ni kwa ajili ya pumu ya mtoto, kwamba Dar hospitali kubwa ziko karibu, na mjomba ni mjomba. Sawa. Ningebisha, ningenuna, tungegombana kama tulivyogombana kwa ile doti ya kanga, uliponiachia kipande kilichochujuka. Kisha ningekubali. Hata hiyo nafasi ya kukubali ulininyima.

Sasa sikiliza ya kiti. Salumu alikuja na kiti cha mtoto, kile kinachofungwa kwenye gari, chenye mikanda yake ya mabegani na kiunoni. Watoto wa mtaa walipanga foleni kukikalia. Jirani yako Bi Mwanakombo akauliza kwa masikitiko kama mtoto wetu amepooza. Ungecheka mpaka ushike mbavu.

Zuhura alikuwa amekivua kitambaa akifue, maana mwanawe alitapika melini wakati wa kuja. Alipokirudisha mikanda ikajisokota, haiendi mbele wala nyuma. Salumu akavuta, Zuhura akavuta, wapi. Na kaka yako unamjua alivyo. Akasema kiti kisipofungika vizuri hamchukui mtoto, atabaki mpaka safari nyingine. Ndipo mama yako akasema, "Mpelekeeni Saida mkubwa, si fundi cherehani yule?"

Jana hiyo hiyo jioni wakaniletea barazani. Kiti cha kunichukulia mwanangu, na mimi ndiye wa kukitengeneza.

Nilikuwa peke yangu, mkasi wangu wa kukatia vitambaa uko pale mkekani. Nakwambia wewe kwa sababu huna wa kumwambia: niliushika. Mkato mmoja tu, halafu niseme mkanda umeliwa na panya. Saida angebaki. Pengine miezi, pengine Salumu angezoea. Niliuingiza mkanda kati ya makali ya mkasi, nikaanza kubana.

Saida akatoka ndani. Anakohoa kile kikohozi chake. Akajipandisha mwenyewe kitini, akapanua mikono, akasema, "Somo, nifunge." Alidhani ni mchezo. Nikauweka mkasi chini.

Nikamshusha kwanza. Nikakigeuza kiti, nikaufuata mkanda kwa vidole tangu unakotokea mgongoni. Ulikuwa sawa mpaka kwenye kile kipande cha chuma kinachoingia kwenye kifungio. Hapo ndipo ulipojisokota, na tundu la chuma ni jembamba, kwa hiyo kila walipovuta waliuzidisha kukaza. Mimi nikaulegeza. Nikaukunja mshazari, kama mtu anayekunja sambusa, nikaipenyeza ncha kwenye tundu, nikavuta taratibu upande wa pili mpaka mkanda wote ukapita na kulala bapa. Wa pili nao hivyo hivyo. Nikapitisha kiganja toka begani hadi kiunoni, hapakuwa na pindo hata moja.

Nikamfunga. Nikajaribu kuufinya mkanda begani kwake, haukufinyika, umekaza sawasawa. Akaniangalia, akauliza, "Na wewe Somo, kiti chako kiko wapi?"

Nilimfungua nikaingia jikoni, nikajifanya naangalia moto.

Leo bandarini sikulia mbele yake. Nilimkabidhi Zuhura dawa ya mtoto ya kuvuta, nikamwonyesha inavyotumika. Nikamfundisha pia kuukunja ule mkanda, maana atakifua tena kile kitambaa, na sitakuwepo. Aliyelia ni yeye. Akaniambia niende likizo, Dar si mbali. Ni mtu mwema, wifi yako. Nilitaka nimchukie, nikashindwa. Nikarudi kwa miguu, sikutaka bodaboda anisemeshe.

Rehema, shule zikifungwa nitakwenda kumwona. Na akikua akaniuliza habari zako, nitamwambia ulivyokuwa unaimba ukikuna nazi, ulivyomlaza kifuani usiku pumu ikimbana, ulivyompenda. Ya kunificha hatayasikia kinywani mwangu, wala mtu mwingine hatayasikia. Kaburi lako nitalipalilia. Kila Ijumaa nitakuombea dua, kama nilivyokuahidi siku ile uliponishika mkono hukutaka kuuachia. Ulikuwa umeshampigia Salumu simu siku ile, na mkono wangu ukaushika vilevile.

Lala salama, shoga yangu. Mungu akusamehe, yeye kwanza. Mimi bado.