Upepo wa Ubavuni

Kaka yangu,

Mama hajambo, goti limepoa. Paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya kabati lako, na hakuna aliyethubutu kumtoa.

Jumanne nilirusha ndege nikiwa kapteni, abiria mia na arobaini nyuma yangu. Tulipokaribia kutua, mnara ukasema upepo unatupiga ubavuni kwa kilomita sabini kwa saa. Kikomo cha ndege yetu ni sitini na tano.

"Kapteni, ni tano tu," msaidizi wangu akasema. "Waliotutangulia wametua."

"Wao ni wao," nikamjibu. "Tunapanda."

Tukazunguka nusu saa, abiria wakinung'unika, mafuta yakipungua. Nilishaamua: dakika kumi zaidi, tunakwenda uwanja mwingine. Upepo ukashuka hadi hamsini na nane. Nikaiteremsha ndege pua ikiukabili upepo, na karibu na lami nikainyoosha kwa kukanyaga pedali, kama ulivyonifundisha. Gurudumu la upande mmoja likagusa, kisha la pili. Abiria wakashangilia, nami nikalia bila haya.

Mkuu wa marubani, yuleyule aliyekuita mwoga mbele za watu ulipokataa kutua katika upepo kama huu, alinisubiri chini ya ngazi. Nikajua leo ni leo. Akanipa mkono.

"Umefanya sawasawa."

"Nimefundishwa na kaka yangu," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. "Mwambie nilimkosea."

Basi, nimekwambia. Miaka minne mbali nasi kwa neno lake inatosha, kaka. Rudi nyumbani.

Mdogo wako,
kapteni mzima