Masufuria ya Mama Masika

Jumatatu, 5 Juni 2000
Tangi la kupikia sabuni limevuja tena. Nimeziba hapa, likavuja pale. Vita vimefunga barabara, mabamba ya chuma hayafiki Butembo. Patron Kambale, mwenye kiwanda, amerudi kutoka Beni na mabamba ya alumini aliyouziwa na wanajeshi. Yametoka wapi, sikuuliza. Anataka tangi la alumini kwa kuwa haishiki kutu. Nimemwambia soda ya sabuni, ile kali inayochubua ngozi, huila alumini. Amecheka. Mimi ndiye ninayesimama kando ya tangi nikikoroga soda ya moto. Sikucheka.

Jumanne, 6 Juni
Amekubali nijaribu. Nimening'iniza ndani ya ndoo ya soda kipande cha bamba lake, kipande cha chuma cheusi na kijiko cha mke wangu cha inoksi, chuma kisichoshika kutu. Mke wangu hajui.

Jumatano, 7 Juni
Aibu tupu. Waya umeliwa na soda ukakatika, vyote vimezama. Waya wenyewe ulikuwa wa alumini, na mimi sikuuangalia. Nikadhani huo ni ushahidi tosha.

Patron hakuona hivyo. "Kamba yako njo ilikatika, Insinieri. Bamba yangu iko tu."

Fundi anaanza kuunda tangi wiki ijayo. Naogopa.

Ijumaa, 9 Juni
Jumapili ni komunyo ya kwanza ya binti wa Patron. Mama Masika, mke wake, ameleta kiwandani masufuria yake ya alumini ya karamu, meusi kwa moshi. Hapa kwetu sufuria isiyong'aa mgongo humpa mwenyewe jina baya mtaa mzima. Amechoka kusugua kwa majivu. Anataka soda yetu. Nimemwonya. Akasema mume wake alishamwambia mimi huimba wimbo huo kila siku. Akayatumbukiza yote kwenye pipa la soda, akaenda sokoni.

Pipa likaanza kutokota bila moto. Nimefurahi, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 10 Juni
Matundu matupu. Sufuria moja imebaki ukingo na mishikio. Mama Masika ameuinua ukingo huo, akamtazama mume wake kupitia katikati.

"Baba, njo mu hii utapikia sabuni?"

Baadaye Patron ameniuliza polepole kama mapipa ya chuma yanaweza kuunganishwa yawe tangi.

Jumapili, 11 Juni
Karamu. Wali umepikwa kwenye masufuria ya kuazima, meusi tii. Hakuna aliyethubutu kusema neno. Nimekula sahani mbili.

Ijumaa, 16 Juni
Tangi la chuma cheusi. Sura mbaya sana. Nimekoroga tangu asubuhi, halikuvuja tone.

Jioni nimekula maharagwe kwa kile kijiko nilichokiopoa kwenye ndoo. Mke wangu ameuliza mbona kinang'aa hivyo. Nimemwambia nilikiosha.